Mkutubi wa Chuo Kikuu Ahesabiwe Mwanataaluma: Hoja Kutoka Rumangabo

Mkutubi wa chuo kikuu huchagua na kupanga maandishi, huwafundisha wanafunzi kuyatafuta na kuyapima, na mara nyingi huyatafiti yeye mwenyewe. Vyuo vingi bado vinabishana kama awekwe pamoja na wahadhiri au abaki upande wa utawala. Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kaskazini mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, inaupa ubishi huo jibu.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ikapanuliwa mwaka 1929 na 1935, na ikaitwa Virunga kuanzia 1969. Maandishi yake yametawanyika mno. Ripoti za msafara wa utafiti wa G. F. de Witte wa 1933–1935 zilichapishwa Brussels. Mtafiti George Schaller alichunguza gorila wa milimani kule Kabara, ndani ya hifadhi, mwaka 1959 na 1960. Mtafiti mwenzake Dian Fossey akamfuata mwaka 1967, hadi Julai askari walipomshusha mlimani na kumzuilia Rumangabo penyewe. Habari za mlima wa volkano wa Nyiragongo, uliolipuka 1977, 2002 na 2021, ziko kwa wanavolkano, na amri za mipaka ziko kwa wanasheria.

Chukua mwanafunzi wa Goma anayeandika tasnifu juu ya migogoro ya ardhi katika eneo la Rutshuru, ilimo Rumangabo. Akitafuta “Virunga” pekee, mengi ya kabla ya 1969 yatampita, kwa kuwa yamesajiliwa chini ya “Albert”. Akitafuta “Kongo” pekee, yatampita ya 1971 hadi 1997, nchi ilipoitwa Zaire. Tena amri moja ya mwaka 1935 anaweza kuisoma kama sheria, kama hatua ya kulinda wanyama, au kama kumbukumbu ya wakulima walionyang’anywa mashamba. Mkutubi anayemwonyesha njia zote tatu anafundisha mbinu za utafiti, na kazi hiyo inastahili kuitwa kwa jina lake.

Wanaopinga husema kwamba anayegusa taaluma zote hazami katika hata moja. Hoja hii ina uzito: cheti cha ukutubi peke yake hakitoshi. Panahitajika shahada ya fani nyingine na machapisho yaliyopitiwa na wataalamu, kama anavyodaiwa mhadhiri yeyote. Njia hiyo ipo: Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafunza wakutubi wa Afrika Mashariki mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huwahesabu wakutubi wake kuwa wanataaluma.

Katika eneo la Kivu, ilipo Goma, haja hii ni ya haraka zaidi. Rumangabo ilitekwa na waasi wa CNDP Oktoba 2008, kisha waasi wa M23 wakaishika mwaka 2012 na tena 2022. Karatasi isiyo na nakala kwingine hupotea siku moja. Vyuo vya Goma viwape wakutubi wenye sifa vipindi vya kufundisha, muda wa utafiti na njia ya kupanda cheo, na vianze na somo la vyanzo vya Virunga.