ADA YA GOROFA NI DENI, SIO HUKUMU! WASITUZIMIE UMEME



Jumamosi moja mwaka jana mamdogo wangu alinipigia simu usiku. Sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeogopa jirani asisikie. "Mwanangu, njoo. Wamenizimia umeme."

Nikadhani LUKU imeisha. Nikamwambia, shikamoo mamdogo, nitumie namba ya mita nikununulie. Akasema hapana, huku kwetu luku hatununui TANESCO, tunanunua ofisini kwa meneja. Na meneja amekataa kuuza. Anasema nalipe kwanza sevisi chaji ya miezi mitano.

Mamdogo ni mwalimu mstaafu. Yeye na marehemu mumewe walinunua hiyo fleti taratibu, miaka kadhaa ya kujibana, wakiamini wakizeeka watakuwa na pa kulaza ubavu bila kudaiwa na mtu. Alistaafu 2023. Nyie mnajua 2023 ilikuwa kikokotoo gani: mkupuo wa asilimia 33. Sasa pensheni ya mwezi inagawanywa kwa dawa za presha, chakula na mjukuu anayesoma. Ada ya jengo ni Sh 150,000 kila mwezi. Hesabu ikagoma. Mwezi wa kwanza akaruka, wa pili akaruka, ukafika wa tano. Deni Sh 750,000, na juu yake "faini" ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha imepitishwa kikao gani.

Kabla ya umeme walianza na jina. Walilibandika ndani ya lifti. WADAIWA SUGU, namba ya fleti, kiasi. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na kitu anapanda lifti na watoto wa jirani wanasoma jina lake ukutani.

Jengo silitaji na meneja simtaji. Ukiishi kwenye magorofa ya jiji hili unajua kwamba wako wengi.

Tusidanganyane: ada lazima ilipwe

Najua kuna kamanda anajiandaa kuandika hapa chini, "kwani si alipe tu?" Tuelewane mapema. Jengo haliendeshwi kwa maombi. Lifti inahitaji fundi, pampu ya maji inakula umeme, mlinzi ana familia, taka lazima zibebwe. Usipolipa wewe, analipa jirani yako. Asiyelipa ilhali anazo, ananyonya wenzake, na sisi vijana wa chama hiki hatuwezi kumtetea mnyonyaji wa aina yoyote.

Tunayezungumza habari zake hapa ni aliyekwama. Mstaafu, mjane, kijana aliyepunguzwa kazini, mgonjwa. Huyu anadaiwa, sawa. Lakini kudaiwa hakumfanyi mtu awe mhalifu, na wala hakumpi meneja joho la hakimu. Anayekudai fedha ana njia yake: akuandikie, mkae, mkishindwana aende kwenye vyombo vya sheria vimsikilize yeye na vikusikilize wewe. Meneja wa jengo hawezi kuwa mlalamikaji, shahidi, hakimu na dalali wa mahakama kwa siku moja.

Hii tabia wameitoa wapi?

Wameiona serikalini. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme, kodi imeshaondoka, uwe mwenye nyumba au mpangaji. Hakuna kukaa chini, hakuna kueleza hali yako. Dola ikishawafundisha watu kwamba swichi ya umeme ni kifaa cha kukusanyia madeni, unashangaa nini meneja wa gorofa akiiga? Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Na sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, Namba 16 ya mwaka 2008. Ndiyo inayowezesha mtu kumiliki fleti kwa hati yake mwenyewe, huku ngazi, paa, lifti na uwanja vikiwa mali ya wamiliki wote kwa pamoja. Ndiyo inayoweka umoja wa wamiliki, na kila mmoja kuchangia gharama. Lakini zunguka majengo kumi uulize: umoja wenu ulikaa lini mara ya mwisho? Nani aliwachagua viongozi? Ada ilipitishwa na mkutano gani? Utaoneshwa meneja, halafu utaoneshwa getini. Sheria iko kabatini, CCM wako madarakani, mwananchi yuko gizani. Gizani kabisa, bila mshumaa.

Haki zako ukikwama kulipa

Hii sehemu isome taratibu, halafu mtumie mama yako, shangazi yako, na yeyote anayekaa gorofani.

1. *Una haki ya kusikilizwa.* Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema wazi kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa, lazima asikilizwe kwa ukamilifu. "Kamati imeshaamua" sio jibu kama hukuitwa.

2. *Una haki ya kuona hesabu.* Ada ni fedha ya wamiliki. Omba kwa maandishi: muhtasari wa mkutano uliopitisha kiwango, mapato na matumizi ya mwaka, na mchanganuo wa deni lako mwezi kwa mwezi. Faini iwekwe mstari wake peke yake na uoneshwe kanuni iliyoizaa. Isipokuwepo kanuni, ihoji hiyo faini mpaka mwisho.

3. *Una haki ya kubaki na heshima yako.* Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na unyumba wake. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayebandika jina na deni lako kwenye lifti, au kulirusha kwenye grupu la WhatsApp la jengo, muulize kwa barua anatumia sheria gani.

4. *Nyumba yako haiuzwi kwa barua ya meneja.* Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Anayetaka kukutoa au kuuza mali yako anahitaji amri ya chombo chenye mamlaka. Akija na mabaunsa bila karatasi ya mahakama, hapo kesi imegeuka, na anayepaswa kwenda polisi ni wewe.

5. *Hata akishinda kesi, nyumba ya familia ina kinga.* Wengi hawajui hili. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inayotumika mahakama za wilaya kwenda juu, ina kifungu kinachotaja mali zisizokamatwa wakati wa kukaza hukumu. Humo kuna nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na nyumba ya makazi anamoishi mdaiwa na familia yake. Sasa usilewe: kinga hii ina mipaka. Kama uliiweka nyumba rehani benki, mambo ya benki ni mengine. Kama bado unainunua kwa awamu, soma mkataba wako neno kwa neno. Na fedha zako na mali nyingine bado zinaweza kukamatwa. Lakini yule anayekutisha "kesho tunaiuza fleti kwa sababu ya sevisi chaji", mjue anategemea usijue kifungu hicho.

Sasa upande wa wajibu, maana haki bila akili inapotea. Usinyamaze. Ukiona mwezi wa kwanza umekushinda, andika barua: eleza hali yako, taja kiasi unachoweza, toa ratiba. Lipa hicho kidogo kila mwezi na udai risiti, kwa sababu siku ya kesi hizo risiti ndizo zitakazosema kwamba hukukataa kulipa. Usisaini karatasi ya kukiri deni kabla ya kuona mchanganuo. Na ukiletewa wito wa mahakama, NENDA. Watu wanapoteza kesi za kushinda kwa kukaa nyumbani, hukumu inatolewa upande mmoja, halafu ndio wanaanza kumtafuta wakili. Huna fedha ya wakili? Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wapo wanaotoa msaada huo bure, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Wenzetu wamepita hapa

Kuna mtu atasema mambo haya ni ya Kizungu. Sawa, twende kwa hao Wazungu. Marekani mamilioni ya watu wanaishi kwenye nyumba zenye umoja wa wamiliki na ada za kila mwezi. Mwaka 2010 ilisikika habari kutoka Frisco, jimbo la Texas. Mwanajeshi yuko vitani Iraq, mkewe amebaki nyumbani na amezidiwa, hafungui hata barua. Deni la ada halikufika dola 1,000. Umoja ukaiuza nyumba yao, yenye thamani ya zaidi ya dola 300,000, kwa dola 3,500. Nyumba waliirudisha baadaye baada ya kupigana mahakamani. Kelele zikapigwa, na mwaka uliofuata Texas wakabadili sheria: umoja upate amri ya mahakama kabla ya kuuza nyumba kwa deni la ada, na mdaiwa apewe nafasi ya kulipa kwa awamu. California nako umoja hauwezi kuuza nyumba kwa deni lililo chini ya dola 1,800, mpaka lifikishe miezi 12.

Hapo Kenya tu, mwaka 2020 walifuta sheria yao ya 1987 na kuandika mpya, na ndani yake wakaweka kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro ya wamiliki. Sisi tunasubiri nini? Tusubiri mpaka fleti ya mjane iuzwe ndio tuunde tume?

Kwa nini hili ni la chama, na ni la vijana

Kamanda wa Mbagala au wa Buza atasema, mimi nakaa chumba na sebule, magorofa yananihusu nini? Yanakuhusu. Angalia Magomeni Kota. Kaya 644 zilizotoka kwenye kota za zamani. Mwaka 2016 Rais Magufuli alikwenda pale akaahidi watajengewa na wakae miaka mitano bila kodi. Machi 2022 Rais Samia akazindua magorofa. Makazi mazuri, hatukatai. Lakini gorofa lina lifti, pampu na mlinzi, na vyote hivyo vina bili kila mwezi, milele, hata baada ya ununuzi kumalizika. Mama ntilie aliyezoea nyumba ya chini, siku akishindwa ada atatendewaje? Jiji linapanda juu. Kijana anayepanga leo ndiye atakayekopeshwa fleti kesho. Ukisubiri ikufike ndio uanze kusoma sheria, utaisoma kwa tochi ya simu.

Kwa hiyo jumuiya yetu ya vijana iyabebe haya madai, na wagombea wetu wayaseme jukwaani bila kumung'unya:

- Ipigwe marufuku kuzima umeme, maji au kadi ya lifti kwa sababu ya deni la ada.
- Kila mdaiwa apewe haki ya kulipa kwa awamu kabla ya kesi yoyote.
- Hesabu zilizokaguliwa zipelekwe kwa kila mmiliki kila mwaka. Umoja usiotoa hesabu usiruhusiwe kutoza faini.
- Kuwe na kamati ya usuluhishi kwenye kila jengo, ambayo meneja hana kura ndani yake.
- Serikali ikiuza au kukabidhi fleti kwa wananchi, itamke ada ya mwezi kwa maandishi KABLA mtu hajasaini.

Mamdogo je? Jumapili tuliandika barua kurasa mbili. Tuliomba mchanganuo, tuliomba muhtasari wa mkutano, tukatoa ratiba ya Sh 50,000 kila mwezi juu ya ada ya kawaida, fedha ambayo mimi na binamu zangu tunachangia. Tukauliza swali moja: jengo hili lina kibali gani cha kuuza umeme, na EWURA wanajua kwamba mnaukata kwa deni lisilo la umeme? Jumatatu nikaipeleka mwenyewe, nikasainiwa nakala.

Jumatano umeme ukarudi. Karatasi ya lifti ikabanduliwa. Hakuna aliyeomba radhi, muhtasari wa mkutano hatujaletewa mpaka leo, na deni bado tunalilipa, risiti moja moja. Ila kwenye ngazi wazee wawili walinivuta pembeni, mmoja anauliza kwa kunong'ona, "kijana, ile barua unaweza kuniandikia na mimi?"

Nimewaandikia. Sasa wameshakuwa saba, na wanadai mkutano wa wamiliki.

Kamanda, kwenye jengo lenu nani yuko gizani? Mgongee mlango.

Mapambano yanaendelea.

*Kada wa jumuiya ya vijana, Kinondoni*