Dereva wa Programu ya Simu ni Mfanyakazi

Tarehe 19 Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri hawakuwa wamejiajiri, bali ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Kampuni ndiyo iliyopanga nauli, ikaweka masharti na kumwadhibu dereva aliyekataa abiria mara kwa mara. Anayeamuru kazi asikwepe wajibu wake kwa anayeifanya. Tangu Papa Leo XIII alipotoa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa linafundisha kwamba mkataba aliokubali maskini kwa shida zake hautoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Basi sisi tunaoagiza usafiri kwa simu tujiulize: unafuu wetu unalipwa na nani?