Bumu tunaulizwa, nyumba hawaulizwi

Kila aliyeomba mkopo wa Bodi anayakumbuka yale maswali. Baba anafanya kazi gani? Mzazi yupo hai? Kama hayupo, cheti cha kifo kiko wapi? Kaya yenu ipo TASAF? Ukikosea hati moja, unarudishwa. Mimi sikulalamika sana, maana sababu yake naielewa: fedha ya umma ni chache, aanze mwenye shida zaidi.

Sasa nauliza, mbona sababu hiyo inaishia kwenye mlango wa Bodi? Mbona tukifika kwenye nyumba hakuna anayeulizwa mshahara wake?

Chukueni bajeti ya 2023/24. Serikali ilisamehe VAT kwenye nyumba mpya za makazi zinazouzwa na waendelezaji kwa bei isiyozidi shilingi milioni 50. Lengo lililotajwa ni zuri: mwananchi wa kipato cha chini naye apate nyumba. Kwenye nyumba ya milioni 50, asilimia 18 ni milioni 9. Si pesa ya mchezo. Tatizo ni kwamba msamaha ule unatazama bei ya nyumba tu, mfuko wa mnunuzi hauutazami.

Tupige hesabu kidogo. Ukikopa milioni 50 kwa riba ya asilimia 15, ulipe kwa miaka 15, rejesho ni kama 700,000 kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000. Yaani mshahara wote haufiki rejesho, na hapo hujala wala hujapanda daladala. Sisi walimu watarajiwa tukiajiriwa, Bodi inakata asilimia 15 kwanza. Basi nyumba hiyo ataichukua nani? Ni yule ambaye mshahara wake ungemwezesha kununua hata bila kusamehewa. Akitaka atachukua mbili, ile ya pili ampangishie mwalimu.

Na bajeti ile ile, jamani, iliongeza ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji. Mfuko wa kilo 50 ni shilingi 1,000. Huyo ndiyo mnunuzi wa Mbagala, Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande. Huku pembezoni watu hawanunui nyumba, wanajenga. Leo mifuko mitano, mwezi ujao tofali mia, mwakani lenta, kupaua Mungu akipenda. Kila mfuko una VAT yake na ushuru wake juu. Anayenunua nyumba iliyokamilika amesamehewa, anayejenga kidogo kidogo ameongezewa.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Temeke, mwalimu aliyenisimamia alikuwa na kiwanja Chamazi chenye msingi uliojaa majani. Miaka kumi na moja kazini. Kila akikaribia kununua tofali, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita. Siku moja nilimwuliza, "Madam, kwa nini usichukue mkopo wa nyumba benki?" Alicheka, akanionesha hati yake ya mshahara. Baada ya makato, kilichobaki kilikuwa kile ambacho sheria hairuhusu kikatwe. Nilijuta kuuliza.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 2002 serikali ya awamu ya tatu iliamua kuuza nyumba zake kwa watumishi. Nyumba nyingi zilikuwa maeneo ya thamani kama Oysterbay, na walionufaika walikuwemo vigogo. Mwalimu wa Mbagala hakuwa anakaa kwenye nyumba ya serikali, kwa hiyo hakuwa na cha kuuziwa. Mali ya wote ilimfuata aliyekuwa karibu nayo.

Wapo watakaonijibu kwamba mwenye mshahara mkubwa ndiye anayekatwa kodi kubwa, asilimia 30 kwa kila kinachozidi milioni moja kwa mwezi, naye ni Mtanzania. Kweli. Tena benki zinamhitaji, kwa sababu biashara ya mikopo ya nyumba hapa kwetu bado ni changa sana. Sina ugomvi naye. Akope, anunue, na serikali iendelee kuzisaidia benki zitoe mikopo ya muda mrefu, kama inavyofanya TMRC tangu 2010. Huo ni mkopo, atalipa. Ninachokataa ni zawadi. Kodi iliyosamehewa ni darasa ambalo halikujengwa.

Wengine watasema huwezi kumjua mwenye kipato cha chini wakati watu wengi hawana hata hati ya mshahara. Bodi inatujua vipi? TASAF inazijua vipi kaya zake? Magomeni Kota, nyumba zilizozinduliwa Machi 2022, walengwa walikuwa kaya 644 za wakaazi wa zamani, wanajulikana. Tukitaka kujua, tunajua.

Na wa chini wakishikwa mkono kidogo tu wanafika. Watu walioondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari waliungana, wakaweka akiba, wakanunua ekari 30 hapo hapo Chamazi na kuanza kujenga nyumba zao wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, msamaha wa VAT uwe na ukomo wa kipato cha mnunuzi, iwe nyumba yake ya kwanza, na aishi humo mwenyewe. Pili, ushuru ule wa saruji uondolewe, na mikopo midogo ya ujenzi ifike kwa mwenye msingi uliojaa majani. Tatu, kila mwaka serikali itangaze waliosamehewa wana vipato vya kiwango gani, ili tuone fedha yetu imelala kwa nani.

Wasomaji wengi wa gazeti hili, tukijaliwa, siku moja tutakuwa na mishahara mizuri. Siku hiyo tukienda kununua nyumba, na sisi tuulizwe kama tulivyoulizwa wakati wa kuomba bumu. Mwenye nacho akiambiwa "wewe hapana", asione ameonewa.