LIGI YA WANAWAKE ISIWE MZIGO WA JESHI PEKE YAKE

MSIMU wa 2022/23 wa Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ulimalizika kwa JKT Queens kuwanyang'anya Simba Queens ubingwa walioushika kwa misimu mitatu mfululizo. Mabingwa hao wapya hawakuishia hapo. Agosti 2023 walikwenda Uganda, wakaishinda CBE ya Ethiopia kwa mikwaju ya penalti na kuwa mabingwa wa klabu za ukanda wetu. Novemba wakauwakilisha ukanda huo nchini Cote d'Ivoire. Mwaka 2025 kombe la ligi likarudi tena mikononi mwao.

Hayo ni ya kupongezwa, nasi twayapongeza. Hata hivyo yafaa tujiulize timu hii ni ya nani. Ni ya Jeshi la Kujenga Taifa, chombo cha umma kilichoanzishwa 1963, chenye makambi, viwanja na nidhamu yake. Ligi ilipoanza msimu wa 2016/17, ubingwa wa kwanza ulichukuliwa na Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Mkoa wa Pwani. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, kombe halikupata kutoka nje ya JKT na Simba. Timu za mikoani, kama Alliance ya Mwanza na Baobab ya Dodoma, zimekuwa zikisindikiza.

Mwandishi wa safu hii alikuwa Oldonyo Sambu, kaskazini ya Jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Namanga, pale ambapo ubavu wa Mlima Meru unaishia kwenye nyika na vumbi. Jioni moja aliwakuta wasichana wa sekondari, Wamasai na Waarusha, wakicheza kabumbu, baadhi yao peku, katika kiwanja chenye mawe. Walicheza vizuri, tena kwa ukali. Alipowauliza watachezea wapi baada ya kidato cha nne, mmoja alitaja JKT, wa pili akataja Simba. Wa tatu alicheka, akasema yeye atarudi nyumbani kuchota maji.

Msichana huyo alisema kweli kuliko wenzake. Kati ya mashindano ya shule na Ligi Kuu pana shimo ambalo hakuna aliyejishughulisha kulifukia. Kila halmashauri ina ofisa anayeshughulikia michezo. Tumepata kumkuta mmoja, katika wilaya tusiyoitaja, mwenye meza, kiti na faili, lakini hana hata mpira mmoja.

Wala asitokee mtu wa kusema kwamba mabinti hawajaonyesha uwezo. Mwaka 2022, huko India, vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Twiga Stars walicheza fainali za Afrika mara ya kwanza 2010, Afrika ya Kusini, kisha ikapita miaka 15 ndipo wakarejea, Morocco, 2025. Miaka hiyo 15 haikupotea kwa kukosa vipaji. Viongozi wetu ni hodari wa kwenda uwanja wa ndege kuwalaki washindi, na wazito wa kuwaulizia siku zinazofuata.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani habari hii ni ya Bara. Unguja ilikuwa na timu ya Women Fighters, ambayo mwaka 2007 ilitengenezewa filamu na Florence Ayisi, mzaliwa wa Kameruni, na wachezaji wake walivumilia maneno mengi ya mitaani. Leo huko nako nguzo mojawapo ni JKU Princess, timu ya Jeshi la Kujenga Uchumi. Pwani mbili, dawa moja.

Kuna jambo jingine linalowakera wazee wetu, nalo tulitaje waziwazi. Mwaka 2018 ligi hii ilipata ufadhili wa kampuni ya bia, na ikabeba jina la kinywaji hicho. Sisi tuliokaa chuoni na juzuu magotini hatukulifurahia jina hilo. Lakini anayelaumu aseme ni shirika gani jingine la umma lililojitokeza na fedha kabla ya bia. Mashirika yetu, benki zetu, bandari zetu, yalikuwa wapi?

Serikali za Mikoa, Bara na Visiwani, hazina budi kila moja kuwa na timu moja ya wanawake yenye kambi na mwalimu anayelipwa, na idara za umma ziwaajiri wachezaji hao kama JKT inavyofanya. Arusha yaweza kuanza mapema. Mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja mkubwa wa watu wapatao 30,000 kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027. Hata bila huo, tunao uwanja wenye jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na waziri aliyefariki 1964. Uwanja huo ni mali ya Chama. Tunawaomba wenzetu wa Mkoa waufungue kwa wasichana wa Oldonyo Sambu na kata nyingine siku moja tu kila wiki, bila ada, na nauli ya lori itolewe na halmashauri.