Mkoba wa Kilwa uanzie kwenye karatasi

Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa imetangulia kuchukua hatua kama hiyo mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Mafundi cherehani wengi waliamini kuwa neema imewafikia, kwamba sasa kila anayekwenda sokoni atahitaji mfuko wa kitambaa. Haikuwa hivyo. Pengo lilizibwa haraka na mifuko mbadala ya kiwandani, ile laini inayofanana na kitambaa ingawa haikufumwa, na fundi wa kijijini akabaki akishona sare za shule na magauni ya sikukuu kama zamani.

Kwa mfuko wa kubebea nyanya, fundi hawezi kushindana na kiwanda kwa bei, wala hana sababu ya kujaribu. Nafasi yake iko kwenye mkoba: ule wenye bitana, mfuko wa ndani na vishikio imara, ambao mwanamke huuchukua kwenda harusini, kikaoni au safarini na kukaa nao miaka. Hapo mteja hulipia ushonaji. Swali ni kama akina mama wa pwani ya kusini wamejiandaa kuuza ushonaji huo kwa faida, na Kilwa Kisiwani ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili.

Kisiwa hicho, kilicho mkabala na Kilwa Masoko mkoani Lindi, kina historia ndefu na nguo. Mapokeo ya Kilwa yanasimulia kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Washirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Iwe ni hekaya au la, simulizi hiyo inaonyesha nguo ilivyokuwa na thamani pwani. Na watu wa Kilwa hawakuwa wanunuzi tu wa vitambaa vya ng'ambo. Wachimbuzi wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick aliyefanya kazi kisiwani humo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuta vigurudumu vya kusokotea nyuzi vilivyochongwa kutokana na vigae. Kwa maneno mengine, pamba ilisokotwa papo hapo.

Leo wageni wanavuka kwa mashua kwenda kuona Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Miaka ya karibuni meli za kitalii zimekuwa zikitia nanga Kilwa. Upande wa Masoko, jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa Septemba 2023. Watu wanakuja, na kila anayekuja ana fedha mfukoni. Fedha inayobaki kisiwani ni ile tu inayonunua kitu au huduma ya mkazi wa kisiwa.

Hata hivyo, itakuwa kosa kumtegemea mtalii peke yake. Meli huja na kuondoka. Mteja wa mwaka mzima yuko Masoko, Kivinje, Nangurukuru, Somanga na Lindi mjini. Huyu ni mama mwenye duka la vitenge, ni kamati ya harusi inayotaka mikoba 20 ya sare, ni kikundi cha maulidi, ni ofisi inayoandaa mafunzo na kutaka mkoba wa kuwekea karatasi. Wateja hawa wote wanafanana kwa jambo moja: wanataka mikoba inayolingana. Mkoba wa kumi usiwe mfupi kuliko wa kwanza, na kishikio cha kulia kisipishane na cha kushoto.

Hapa ndipo inapoingia karatasi ya kukatia, ambayo mafundi huiita pateni. Wengi huikata nguo kwa kukadiria kwa jicho au kwa kuweka mkoba wa zamani juu ya kitambaa na kuzungusha chaki. Mkoba hupatikana, lakini hesabu haipatikani. Pateni ya karatasi ngumu, hata ikiwa imekatwa kutoka katika boksi la sabuni, huhifadhi vipimo, nafasi ya mshono na mahali pa kishikio. Anayeimiliki anaweza kumpa mwenzake akate leo, naye ashone kesho, na kazi ikatoka ile ile.

Chukulia mkoba wa kawaida wenye upana wa sentimita 35 na urefu wa sentimita 40. Ukiongeza sentimita moja na nusu ya mshono kila upande, na pindo pana zaidi juu, kila kipande cha mwili kitakuwa na sentimita 38 kwa 45. Mkoba unahitaji vipande viwili vya namna hiyo, na vishikio viwili vya sentimita 57 kwa 10, ambavyo hukunjwa mara nne na kuwa na upana wa sentimita mbili na nusu. Vitenge vingi vina upana wa sentimita 115 hivi, lakini havilingani vyote, kwa hiyo ni lazima kupima kabla ya kukata.

Fundi anayekata mkoba mmoja mmoja hupanga vipande viwili sambamba, kisha vishikio chini yake. Anatumia sentimita 55 za urefu wa kitenge, na pembeni kinabaki kipande cha sentimita 39 kwa 45 ambacho huishia kwenye kapu la matambara. Kipande hicho ndicho mwili wa mkoba mwingine. Anayepanga pateni za mikoba mitatu kwa pamoja huweka vipande vitatu kwa safu, safu mbili, kisha vishikio sita katika safu tatu. Anatumia sentimita 120 kwa mikoba mitatu, yaani sentimita 40 kwa mkoba. Kitenge cha mita sita kinampa wa kwanza mikoba 10 na kinampa wa pili mikoba 15. Kitambaa ni kile kile na cherehani ni ile ile.

Sasa itazamwe fedha. Bei hubadilika, hivyo kila msomaji aweke za sokoni kwake, lakini kwa mfano wa hesabu kitenge kiwe shilingi 4,000 kwa mita. Mita sita ni shilingi 24,000. Kwa mikoba 15, kitenge cha kila mkoba ni shilingi 1,600. Kwa mikoba 10 ni shilingi 2,400. Bitana ya amerikani, kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, uzi na kifungo viwe shilingi 1,900. Mshonaji naye anataka siku yake imlipe shilingi 9,000. Akikata na kushona kwa mafungu anamaliza mikoba sita kwa siku, na ujira ni shilingi 1,500 kwa mkoba. Akianza na kumaliza mmoja mmoja anatoa minne, na ujira unapanda hadi shilingi 2,250. Nauli ya mashua, sindano, mafuta na uchakavu wa cherehani viwe shilingi 500 kwa mkoba.

Mwenye pateni amegharamia shilingi 5,500. Asiye nayo amegharamia shilingi 7,050. Mwenye duka Masoko akisema atanunua kwa shilingi 7,000 ili naye auze kwa shilingi 10,000, wa kwanza ana faida ya shilingi 1,500 juu ya ujira wake, na wa pili amepata hasara ya shilingi 50. Wote wawili wataondoka dukani wameshika noti zilizo sawa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Hasara ya wa pili haionekani siku hiyo. Itaonekana cherehani itakapoharibika na kukosa fedha ya fundi.

Ni kwa sababu hiyo ujira hauna budi kuandikwa kwenye daftari hata kama mshonaji ni mwenye biashara mwenyewe. Kuna tabia ya akina mama kuhesabu kitambaa na uzi tu, kisha kuita chote kinachobaki faida. Kwa mfano huo huo, anayeuza mkoba kwa shilingi 5,000 atasema amepata shilingi 1,500. Kumbe huo ni ujira wake mtupu, na nauli ya mashua imetoka kwenye chakula cha watoto.

Wapo watakaosema kuwa kushona mikoba yote kwa pateni moja kunaua ubunifu. Hoja hiyo ina uzito, maana mgeni hatanunua Kilwa kitu anachokiona kila mahali. Lakini pateni inashika umbo, haishiki sura. Umbo moja linaweza kutoka kwa kitenge, kwa kanga, au kwa mwili wa ukili wenye bitana ya kitambaa. Akina mama wa pwani wanaojua kusuka ukili wa ukindu na milala wana mtaji ambao kiwanda hakina. Kwa kanga, pateni husaidia zaidi: jina la kanga hukaa sehemu ya chini ya mji, juu ya pindo, na mkataji asiyepanga hulikata katikati. Karatasi ikiwekwa vizuri, jina zima linatokea usoni mwa mkoba, na mnunuzi anapata maneno ya kumsimulia mwenzake. Mikoba itakuwa michache kwa doti moja, hivyo bei nayo iwe juu.

Suala la muda pia linawezekana. Akina mama wanaokwenda pwezani hufuata bamvua, maji yanapotoka mbali na miamba kuonekana. Siku za maji mafu miamba haifikiki vizuri. Hizo zinaweza kuwa siku za cherehani. Vivyo hivyo kwa wakulima wa bara ya Kilwa: fedha ya ufuta huingia katikati ya mwaka na ya korosho kuelekea mwisho wa mwaka, na miezi iliyobaki ndiyo ya kukopa dukani. Mikoba haitachukua nafasi ya shamba wala ya bahari. Inaweza kuziba miezi hiyo, na inaweza kuwa tayari ghalani wakati wauza korosho wana fedha na harusi zimeshamiri.

Kuna mambo ya kuangalia kabla ya kuanza. Cherehani mpya isiwe ununuzi wa kwanza. Wanakikundi watano wenye cherehani moja ya miguu, mkasi mzuri na pateni mbili wanaweza kujua soko kabla ya kuchukua deni. Hewa ya chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo cherehani ifutwe, itiwe mafuta na kufunikwa kila jioni. Kitambaa kinunuliwe kwa pamoja, ikiwezekana kwa jora, na zipu na uzi viwekwe akiba. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, mzigo haukupita. Fundi asiye na akiba ya uzi siku kama hizo hukaa bure.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa kwa utaratibu mpya mwaka 2024. Ni vyema vikundi vinavyoomba viende na daftari la gharama la namna iliyoelezwa hapo juu, na ni vyema maofisa wa maendeleo ya jamii walidai daftari hilo. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi Lindi. Mafunzo yake kwa washonaji yakiweka mkazo kwenye kuchora pateni na kupanga ukataji, yatawafaa zaidi kuliko semina nyingine ya jumla kuhusu ujasiriamali.

Aidha, wanaosimamia magofu na wanaopokea wageni wanaweza kufanya jambo dogo lisilo na gharama kubwa: meza moja safi penye kivuli karibu na mashua zinapofikia, yenye bei zilizoandikwa, ambapo vikundi vya kisiwani vinauza kwa zamu. Halmashauri nayo inaponunua mikoba ya mikutano, iulize kwanza kama inashonwa wilayani. Oda ya mikoba 50 itamfundisha mshonaji mambo mengi ambayo hotuba haiwezi kumfundisha, lakini kikundi kisicho na pateni hakitaweza kuipokea.

Kazi ya kwanza basi haihitaji mkopo wala mgeni rasmi. Inahitaji boksi tupu, rula, penseli na mkasi. Kila kipande kiandikwe jina lake, vipimo vyake na idadi ya kukata, kitobolewe tundu na kutundikwa ukutani kwa msumari. Baada ya hapo ukatwe mkoba mmoja wa majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu, ujazwe kilo tano za mchele na kubebwa kutwa nzima. Mshono utakaoachia ndio utakaorekebishwa kwenye karatasi, kabla kitenge kizuri hakijaguswa na mkasi.