Dogo wa Karatu na Pesa ya Vitunguu: Kadi ya Grafiki Haitamfikisha Krateri

Karatu kuna dogo mmoja, jina kapuni, ambaye kama unafuatilia klipu za krateri lazima umeshakutana naye. Ndiye yule anayerekodi ukungu wa asubuhi ukipanda kutoka bondeni huku akiongea kama mtangazaji wa mpira. Wafuasi anao, bando anajinunulia mwenyewe, na safari hii kaja na mpango mzito: anataka kuingiza Ngorongoro kwenye VR. Mtu avae miwani, ageuze shingo, ajikute katikati ya nyumbu.

Na kilichowagusa wengi ni kwamba wateja wake wa kwanza sio wazungu. Anawataka watoto wa shule za msingi za hapohapo Karatu, wale wanaohesabu Land Cruiser zikipita kila siku kuelekea geti la Loduare, lakini wao wenyewe krateri hawajawahi kushuka. Shimo la kilomita za mraba kama 260, kuta zake zinashuka mita 600 hivi, liko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1979, na mtoto wa jirani analijua kwa picha ya kalenda.

Kuna na Laetoli. Zile nyayo za miaka zaidi ya milioni 3.6, ambazo timu ya Mary Leakey ilizifukua miaka ya 1970, zilifukiwa tena miaka ya 1990 ili zisiharibike. Hata ukifika huwezi kuzikanyagia macho. Kama kuna sehemu Tanzania hii inaililia VR, ni pale.

Kwa hiyo wazo ni kali. Tatizo ni laptopu.

Dogo ana mashine ya mtumba, ya kawaida tu, inayofungua video kwa kuhema. Fundi mmoja wa mjini kamwambia atamwekea kadi ya grafiki kubwa na VR itapaa. Kaka mtu, anayelima vitunguu kule Mang'ola, kakubali kutoa sehemu ya mavuno. Hapo ndipo wadau wanaomtakia mema wanatakiwa wapaze sauti, maana makofi kwenye komenti yamekuwa mengi kuliko maswali.

Kwenye kompyuta ya mezani, kadi ya grafiki unachomoa na kuchomeka. Kwenye laptopu nyingi imelehemewa moja kwa moja kwenye madabodi, na nyingine hazina kabisa kadi ya pembeni, grafiki imo ndani ya prosesa. Zipo chache, hasa mashine nzito za kazi za miaka ya nyuma, zenye kadi ya kuchomoa, kwa hiyo fundi si lazima awe tapeli. Lakini hata hizo huwa zinachagua kadi za kuzikubali, na feni na chaja vilipimwa kwa kadi ya zamani. Ni kama kufunga injini ya Land Cruiser kwenye bodaboda, halafu unategemea breki zilezile.

Wengine wanamshauri anunue boksi la nje la kadi. Linafanya kazi, ila linataka tundu la Thunderbolt, na sio kila tundu la USB-C ni Thunderbolt. Linataka pia umeme wake wa ukutani. Ulibebe hilo shule hadi shule, kwenye vumbi la Karatu!

VR nayo haina huruma. Sinema inaenda picha 24 kwa sekunde. Oculus Rift ya 2016 ilitaka 90, la sivyo mvaaji anaona kizunguzungu. Kadi iliyopendekezwa ilikuwa Nvidia GTX 970, na mwaka mmoja kabla, kampuni yenyewe ilishasema kwamba laptopu karibu zote za wakati huo hazikuwa na ubavu huo.

Sasa cha ajabu, dogo hata haihitaji hiyo kadi. Yeye hatengenezi gemu, anataka kuonyesha video ya nyuzi 360. Miwani kama Meta Quest ina prosesa yake ndani, inacheza video hiyo bila kushikwa mkono na kompyuta. Laptopu ni ya kuunganisha vipande tu, na hapo uzembe wake unavumilika: iachwe ikoroge usiku kucha, asubuhi faili liko tayari. Mtoto aliyevaa miwani ndiye hawezi kusubiri, laptopu ya dogo inaweza.

Pesa ya vitunguu iende kwenye kamera ya nyuzi 360 na miwani moja ya mtumba. Kuanza kwa bei chee, hata simu kwenye kiboksi cha karatasi chenye lenzi mbili kinatosha kuwaonyesha watoto kifaru. Na atenge fungu la kibali, kwa sababu kurekodi kibiashara ndani ya hifadhi si jambo la kujipitishia geti na kuwasha kamera.

Mtaani inasemekana fundi anataka malipo ya awali Ijumaa hii. Mwenye namba ya huyo kaka wa Mang'ola ampigie leo, na aulize jambo moja tu: fundi ameshaifungua hiyo laptopu akaona kadi iko wapi, au ameitazama kwa juu?