Rangi mpya, freni zilezile: acheni kutuuzia pikipiki ambazo magudumu yake hayajafunguliwa

Munamo garaji za Bukavu, kuanzia Kadutu mpaka Panzi, kuna biashara inayochanua: kufufua pikipiki za zamani. Yamaha AG100, Yamaha DT125, Honda CG125, zilizolala miaka katika bohari za parokia, za miradi ya kilimo au za zone za afya, zinatolewa vumbi na kupakwa rangi. Kiti kinashonwa upya, karbireta inasafishwa, na siku injini inapolia watu wote wa garaji wanapiga makofi. Kisha inauzwa. Sina neno na biashara hiyo, vijana wale wanakula jasho lao. Neno langu ni kwamba pikipiki nyingi ninazoziona zikitoka hapo, hakuna aliyefungua magudumu yake. Mnunuzi anapanda, anabeba abiria, anaanza kushuka mlima, na ndipo anajua alichonunua.

Akianguka, jibu liko tayari mdomoni mwa fundi: "Hizo ni freni za ngoma, za kizamani, ndivyo zilivyo, hazishiki." Huo ni uongo. Na uongo huo unavunja watu miguu.

Tuanze na AG100 yenyewe, kwani ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Herufi AG zinatokana na kilimo: iliundwa kwa ajili ya wakulima, kutembea katika matope na mashamba. Ina ngoma mbele na nyuma, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Ngoma imefungwa, matope hayaingii ovyo, na inavutwa kwa kable au chuma tu, bila maji ya freni ambayo kijijini huwezi kuyapata. Tena, angalia zile Boxer na TVS mpya zinazobeba abiria kila siku hapa mjini: nyingi zina ngoma vilevile. Kama ngoma ni ugonjwa wa uzee, mbona zimefungwa kwenye pikipiki iliyotoka dukani jana?

Ndani ya ngoma kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vile mafundi wanaviita garnitiri. Upande mmoja vimeegemea kwenye pini. Upande wa pili, kati yao, kuna kichuma kinachozunguka ukivuta freni: kinawatanua, wanagusa ukuta wa ngoma. Ukiachilia, resori zinawarudisha. Sasa sikiliza jambo ambalo mafundi wengi hawaelezi. Garnitiri hizo mbili hazifanyi kazi sawa. Moja, gudumu likizunguka, linaikokota na kuibana yenyewe zaidi ukutani. Nyingine gudumu linaisukuma irudi. Kwa hiyo ngoma inajisaidia: unavuta kidogo, yenyewe inaongeza. Ndiyo maana ngoma nzuri inashika kwa vidole viwili. Na ndiyo maana ngoma iliyoharibika kidogo tu inapoteza nguvu nyingi. Grisi ikidondoka kwenye garnitiri, au ikiwa inagusa ukuta katikati tu na si urefu wake wote, ule msaada unakwisha, na motari anabaki kuvuta chuma baridi.

Hapo ndipo ufundi wa kweli wa kufufua pikipiki ungeanza. Badala yake tunaona ujanja.

Ujanja wa kwanza ni kugeuza mkono wa freni, ule mkono mdogo ulio nje ya gudumu unaovutwa na kable. Garnitiri zikiisha, mkono unasogea mbele sana kabla freni haijashika. Kwa kawaida, freni inaposhika, mkono na kable vinatakiwa kufanya pembe ya karibu nyuzi 90, hapo nguvu ni kubwa. Ikipita hapo nguvu inapungua. Mkono ukienda mbali, pikipiki inakuambia: nibadilishie garnitiri. Fundi anafanya nini? Anafungua buloni, anauchomoa mkono kwenye meno yake, anaurudisha nyuma meno mawili, anafunga. Kliya anajaribu, freni "imerudi". Haijarudi popote. Kilichofanyika ni kunyamazisha onyo. Garnitiri zinaendelea kuisha, kile kichuma cha ndani kinazunguka kupita kiasi, na siku moja kinaweza kupinduka na kubana gudumu bila kuachia. Wengine wanaweka kipande cha bati la kopo kati ya kichuma na garnitiri. Papa fundi, bati la kopo la nyanya ndilo linamshikilia mama mwenye mtoto mgongoni?

Na hizi si siri. Pikipiki ndogo nyingi za Kijapani zimeandikwa ndani ya ngoma kipimo cha mwisho: ngoma ya milimita 110 utaona 111. Ikipita hapo, ukuta umeliwa, hata ukiweka garnitiri mpya hazitalingana na duara lake. Garnitiri nazo, vitabu vingi vya fundi vinasema zikibaki milimita 2 zitupwe. Kipimo cha milimita kinauzwa sokoni. Lakini wanapima kwa jicho, tena bila kufungua.

La pili linanitia hofu kuliko yote. Ile sahani inayobeba garnitiri haitakiwi kuzunguka. Mbele inashikwa kwenye mguu wa pikipiki. Nyuma inashikwa na chuma kirefu chenye buloni kila mwisho. Uzito wote wa kusimama unapita hapo. Nimeona pikipiki iliyong'aa kwa rangi nyekundu, chuma hicho kimefungwa kwa waya. Waya ukikatika wakati motari amekanyaga freni, sahani nzima inazunguka na gudumu, na gudumu linaweza kukwama hapohapo. Rangi ile nyekundu iligharimu zaidi ya buloni moja na pini yake.

Halafu vumbi. Ninaandika hili kwa ajili ya watoto wanaojifunza ufundi, wale wa miaka 14, 15, wanaotumwa kupuliza ngoma kwa mdomo au kwa kompresa. Garnitiri za zamani nyingi zilitengenezwa kwa amianti, madini ambayo vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na kansa yake inakuja miaka mingi baadaye. Ufaransa iliyakataza mwaka wa 1997. Pikipiki iliyolala bohari tangu zamani inaweza kuwa nayo bado. Kitambaa chenye maji kinatosha, unapangusa polepole, unakitupa. Hakuna sababu ya kupuliza.

Wataniambia: ndugu wa redio, wewe unaongea kwenye mikro, sisi hatuna pesa. Sawa, tuhesabu. Kufungua akse ni bure. Kupiga msasa garnitiri zilizong'aa kama kioo ni karibu bure. Kupaka chaki ndani ya ngoma, kuzungusha gudumu, kuvuta freni kidogo na kuona garnitiri imegusa wapi, kisha kusugua pale palipozidi, ni bei ya chaki moja ya mwalimu. Kulegeza ekru ya akse, kukanyaga freni kwa nguvu ili garnitiri zijipange katikati, na kukaza ekru freni ikiwa bado imekanyagwa, ni dakika mbili. Na kama rayo zimekazwa upya, chunguza duara la ngoma tena, maana rayo zikivuta upande mmoja zinaweza kuipinda. Pesa inahitajika kwa garnitiri zilizoisha na ngoma iliyoliwa. Hapo mwambie kliya ukweli, aamue yeye.

Wamotari nao wasijifiche nyuma ya mafundi. Anayejua mteremko wa Ngomo, ukitoka huku juu kwenda Kamanyola, anajua ninachosema. Watu wanazima injini na kushuka huru ili kuokoa esanse kidogo. Bila injini kushika, kazi yote inabaki kwa ngoma. Inapata moto, chuma chake kinatanuka na kukimbia garnitiri, mkono unafika mwisho na pikipiki bado inakwenda. Freni hiyo haikufa, imechoka. Shuka na vitesi vidogo, injini ikiwaka, simama njiani ngoma ipoe. Na ukitoka kuvuka maji, kanyaga kidogo kidogo mpaka ikauke kabla ya kumwamini abiria wako kwayo.

Kwa wanunuzi: mkifika garaji, msiombe kusikia injini kwanza. Ombeni gudumu la mbele litolewe mbele ya macho yenu, kisha la nyuma. Kazi hiyo haichukui saa moja. Muuzaji akisema hana muda, kuna garaji nyingine.